Miguu ya Mbayuwayu

Mtaani wananiita Usitikisike, na jina hilo halikuwahi kunikera mpaka nilipoanza kupiga picha za ndege.

Kazi yangu ni picha za pasipoti, za vitambulisho, za vyeti vya shule. Mteja anakaa kwenye stuli, namrekebisha bega, namshusha kidevu kidogo, nasema, "Usitikisike. Moja, mbili, tatu," na kwenye tatu nabonyeza. Nimefanya hivyo miaka ishirini na sita. Nilijifunza kwa baba, ambaye alihesabu hivyo hivyo katika studio hii hii, mama akiwa chumba cha nyuma na penseli yake iliyochongwa ikawa kama sindano, akiwaondolea watu chunusi na makovu kwenye negativu, ile filamu kabla picha haijachapishwa. Wateja walimsifu baba kwa picha nzuri, lakini walijua ni nani hasa aliyewafanya wapendeze. Siku hizi kazi ya penseli naifanya mimi kwa kompyuta, na mama anasema naifanya kama mtu anayepaka ukuta chokaa.

Kwa hiyo nyumba yetu ni nyumba ya vitu vilivyotulia. Nieleze basi ilikuwaje nikajikuta kwenye roshani ya juu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, shingo imekakamaa, lenzi ya kuazima mkononi, nikiwatukana ndege kwa sauti.

Mama alianguka. Alipanda juu ya stuli ya wateja ili anyooshe pazia la buluu la nyuma, kwa sababu aliliona lina makunyanzi na mimi, kwa maneno yake, macho ninayo ya urembo tu. Stuli ikamtoka miguuni. Nyonga ikavunjika, akapasuliwa, akatiwa chuma, akarudishwa nyumbani kwenye chumba chake cha juu. Baada ya miezi miwili picha ya eksirei ikaonyesha mfupa umeshika barabara. Daktari akasema sasa asimame. Mama akasema hasimami.

Angesema hawezi, ningemwelewa. Alisema hasimami, kwa sauti ile ile aliyowaambia wateja zamani kwamba picha ni kesho, si leo.

Dada wa mazoezi kutoka hospitali alikuwa akija Jumatatu na Alhamisi, msichana mwenye mikono ya mbeba magunia na sauti ya mwalimu wa chekechea. Alimshika mama kwapani na kumwambia, "Haya bibi, tusimame pamoja."

"Simama wewe," mama akamjibu. "Mimi nakuangalia."

Jumatatu moja msichana yule alinivuta ngazini akafunga mlango nyuma yake. Sauti ya chekechea ilikuwa imeisha.

"Dada, misuli inakwisha. Paja nalipima kila wiki, na kila wiki linapungua. Mfupa ni mzima lakini mfupa peke yake hausimamishi mtu. Zikipita wiki mbili nyingine hivi, hata akija kutaka mwenyewe, hataweza. Sikutishi. Wiki mbili."

Nilirudi chumbani. Nilijua mama atakuwaje akiwa mtu wa kitandani maisha yake yote. Mama ni mtu ambaye hakuwahi kukaa hata anapokula. Nilimwona kitandani pale, kichwa kimegeukia dirishani, vidole vikichezea ukingo wa shuka, vikikunja na kukunjua bila kupumzika.

"Wale hawana miguu," akasema.

"Nani hawana miguu?"

"Wale."

Dirisha la mama linatazama jengo la ofisi za maji, ghorofa nne, upande wa pili wa barabara. Chini ya ukingo wa paa kuna safu ya matundu ya hewa, na humo wamejaa mbayuwayu. Ni weusi, kiuno cheupe, mabawa yamepinda kama mundu, na kelele zao hazina breki. Asubuhi wanatoka kwa kundi, jioni wanarudi kwa kundi, na katikati wanazunguka tu juu ya barabara kama watu waliosahau walichofuata.

"Nimewaangalia miezi miwili," mama akasema. "Ule waya pale, shomoro wanakaa. Njiwa wanakaa. Wale hawakai. Hawajatua hata siku moja. Wanaingia tunduni kama barua inavyoingia kwenye sanduku. Hawana miguu, na wanaishi vizuri kuliko wewe."

"Mama, kila ndege ana miguu."

"Umeiona?"

Nilikuwa nimewaona ndege wale tangu utotoni na sikuwahi kuwaangalia.

"Basi nionyeshe," akasema. "Si mpiga picha wewe? Niletee picha ya ndege yule anaruka, na miguu yake inaonekana. Ukiileta, siku hiyo hiyo nasimama. Naapa kwa kaburi la baba yako."

Mama hutania kila kitu, lakini kaburi la baba hataniwi nalo mtu. Binti mwenye akili zake angecheka na kubadilisha maneno. Mimi nilishuka ngazi mbili mbili, nikafunga studio mchana kweupe, nikaenda mtaa wa pili kwa mpiga picha wa harusi kuazima lenzi yake ndefu. Alinipa kwa sharti niirudishe Ijumaa ya wiki inayofuata, maana Jumamosi ana bwana harusi. Nikamwambia Ijumaa nitakuwa nimeshamaliza zamani.

Siku ya kwanza nilipiga picha mia mbili na kumi. Jioni nikazifungua kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, na nilikuwa na picha mia mbili na kumi za mbingu. Katika tatu hivi kulikuwa na kitu cheusi pembeni, kama uchafu kwenye lenzi. Siku ya pili nikaongeza kasi ya kamera mpaka mwisho wake. Nikapata mbingu tena, safari hii kali zaidi.

Siku ya tatu mlinzi wa jengo la maji akavuka barabara. Ni mtu mwenye kofia kubwa kuliko kichwa chake na utani mwingi kuliko mshahara wake, na nilidhani amekuja kuniuliza kwa nini naelekeza kamera kwenye ofisi za watu. Akasimama chini ya roshani, mikono kiunoni.

"Dada Usitikisike, samahani. Mbona unahesabu?"

"Nani anahesabu?"

"Wewe. Mpaka getini nakusikia. Moja, mbili, tatu. Ndege anapita kwenye moja, wewe unabonyeza kwenye tatu. Kwenye tatu yeye yuko kwa shangazi yake."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Ilikuwa kweli. Mdomo wangu ulikuwa ukihesabu wenyewe, bila ruhusa, kama miguu ya mtu inavyokwepa dimbwi. Nikajiapiza kuacha. Niliuma kalamu kati ya meno ili mdomo ukae kimya. Kuhesabu kukahamia kwenye kichwa. Nikaimba kimoyomoyo, kukahamia kwenye kidole. Kidole changu cha kubonyezea kilikuwa kimekaa miaka ishirini na sita kikisubiri tatu, na hakikuwa tayari kubadilishiwa kazi na mbayuwayu.

Matokeo yake yakaonekana mahali pengine kabisa. Huko chini studio, nikawa nabonyeza kwenye moja. Muuguzi mmoja alikuja na picha zake za kitambulisho amezikunja mkononi, akazipiga mezani. "Dada, hebu niangalie. Nimetoka kama maiti. Wagonjwa wataniogopa." Kweli macho yalikuwa nusu wazi na mdomo umejikunja. Nikampiga upya, nikasahau kumwambia asitikisike, akapiga chafya.

Sikuwa natulia tena. Nilikula nimesimama. Njiani nilitembea nikiangalia juu, na mwendesha baiskeli mmoja akaniuliza kama nasubiri mtu wa kushuka kutoka mbinguni. Nilipanda ngazi kumwangalia mama, nikashuka kumpiga mteja, nikapanda kumpiga ndege, nikashuka kukuta mteja ameondoka. Hata nikiwa bafuni nilisikia kelele zao juu ya paa, na mwili ukaruka kutafuta kamera. Mama alikuwa akinitazama kupitia mlango wa roshani, unaofunguka chumbani kwake, mto umemwinua mgongo, na nathubutu kusema alikuwa anafurahi.

"Umemkosa," alikuwa akisema. "Huyo naye umemkosa. Yule pale! Ah, ameshakwenda. Mwanangu, wewe ungepiga picha za makabati."

Jumanne ya wiki ya pili nikapata mmoja. Sijui ilikuwaje. Nadhani nilikuwa na hasira nyingi kiasi kwamba nilisahau kuhesabu. Ndege mzima, katikati ya picha, kila unyoya umesomeka, kiuno cheupe, jicho jeusi lenye nukta ya mwanga ndani yake. Nikapiga kelele mpaka mlinzi akashika kofia. Nikashuka kuichapisha ukubwa wa karatasi nzima, na hapo ndipo nilipoona. Tumbo lilikuwa laini kabisa. Hapakuwa na mguu wala dalili ya mguu. Lilikuwa laini kama vile mama alilipitia kwa penseli.

Nikampelekea hivyo hivyo. Akaishika mbali, akaivuta karibu.

"Nimekwambia. Hana."

"Ameikunja, mama. Akiruka anaikunja ndani ya manyoya."

"Basi na mimi yangu nimeikunja," akasema, akavuta shuka.

Alhamisi dada wa mazoezi akaja na utepe wake wa kupimia. Akapima paja, akaandika, akapima tena kana kwamba utepe ulikuwa umekosea. Ngazini hakunivuta pembeni, alisema huku anashuka. "Jumatatu ndiyo ya mwisho. Akikataa Jumatatu, naandika kwenye faili kwamba mgonjwa amekataa, wanampa nafasi yangu mtu mwingine. Sitaki kuandika hivyo, dada. Lakini nitaandika."

Ijumaa asubuhi niliamka kabla hawajatoka. Nikapiga mpaka lenzi ikawa nzito kama mtoto aliyelala. Nilipata mmoja mwingine mzuri, kaonyesha ubavu na tumbo lote, na tumbo lote ni laini. Saa tano nikairudisha lenzi kwa mwenyewe. Nikarudi studio, nikashusha mlango wa chuma nusu, nikakaa mbele ya kompyuta, na nikafanya jambo ambalo mtu wa kazi yetu tu ndiye angelifanya.

Kwenye kompyuta yangu kuna faili la nguo. Mteja akija na fulana na anataka picha ya pasipoti, namvisha mimi: koti jeusi la kiume, tai tatu za rangi tofauti, blauzi nyeupe mbili, moja ya shingo ya juu. Watu wengi wenye vyeo mjini hapa koti lao la kwenye kitambulisho ni moja, na ni langu. Nikajiambia, kama naweza kumvisha mtu koti, nitashindwaje kumvisha ndege miguu?

Njiwa mmoja alikuwa amekaa kwenye waya siku nilipokuwa nikijaribu lenzi, na miguu yake ilitoka vizuri sana. Nikaikata. Nikaipunguza, nikaipaka weusi, nikaibandika chini ya tumbo la mbayuwayu, nikalainisha kingo, nikatia kivuli kidogo. Ilinichukua saa mbili. Nilipomaliza, mimi mwenyewe ningeamini. Nikaichapisha, nikaipuliza ikauke, nikapanda ngazi.

Mama akaipokea. Safari hii hakuishika mbali. Akanyoosha mkono kwenye droo ya kando ya kitanda, akatoa kioo chake cha kukuzia, kile cha zamani cha mpini wa pembe, na mimi nikajua nimekwisha.

Alipitisha kioo juu ya picha polepole, kutoka bawa hadi bawa. Nilisikia mbayuwayu nje na sauti ya pumzi yake.

"Jua la tumboni linatoka kushoto," akasema. "La miguuni linatoka kulia."

Akasogeza kioo mpaka miguuni.

"Kidole cha nyuma hiki ni cha njiwa. Lakini hilo lingesameheka, siijui miguu ya hawa." Akaweka kioo chini. "Hii miguu imesimama. Angalia vidole vilivyobana. Imebeba mwili. Na huyu yuko hewani, amebeba nini kwa miguu?"

"Mama, nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka. Mimi nimewadanganya watu wa mji huu miaka thelathini na tano, kwa ridhaa yao. Hakuna aliyewahi kunidanganya mimi kwa kazi yangu." Midomo ilianza kumtetemeka, na sikuwahi kuona hivyo hata siku ya mazishi ya baba. "Unadhani ni ukaidi. Wote mnadhani ni ukaidi. Naogopa. Nikifumba macho naisikia ile stuli inatoka. Naogopa mpaka jasho linanitoka kitandani, na wewe unaniletea miguu ya njiwa."

Akageukia ukutani. Nilitaka kumshika bega, mkono ukakataa. Nilishuka chini, nikakaa kwenye stuli ya wateja mbele ya pazia la buluu, nikalia mpaka nikachoka. Kisha nikaichana ile picha vipande vidogo vidogo, kwa hasira ya kujichukia.

Jumamosi hatukusemeshana. Nilimpelekea chai, akainywa akiangalia ukuta. Dirisha lilikuwa wazi na ndege wanapiga kelele zao, na yeye hakugeuka hata mara moja kuwatazama. Hilo liliniuma kuliko maneno.

Saa nne hivi mlango wa studio ukagongwa. Alikuwa mlinzi, hana kofia kichwani kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na upara wake unang'aa. Kofia alikuwa ameishika kwa mikono miwili kama bakuli la maji.

"Dada, mteja wako kaja mwenyewe."

Ndani ya kofia alikuwepo mbayuwayu. Mabawa yake marefu yamepishana mgongoni, jicho jeusi linanikodolea.

"Wamegombana huko juu, wawili wakashikana, huyu akaanguka mpaka chini," mlinzi akaeleza. "Hajaumia. Lakini akishakuwa chini ndiyo basi, hawezi kujiinua. Mabawa marefu, yanagonga sakafu. Wakianguka huwa nawapandisha ghorofa ya tatu nawaachilia dirishani. Leo Jumamosi, ofisi zimefungwa, funguo za juu sina. Nikakumbuka dirisha la mama yako."

"Panda basi umwachilie."

"Geti liko peke yake, dada. Nikikutwa huku, Jumatatu nitakuja kupiga picha ya kuombea kazi." Akanimwagia ndege mkononi, akajivika kofia, akaondoka mbio.

Alikuwa mwepesi kiasi cha kutisha. Nilihisi moyo wake kwenye kiganja changu, unakwenda kasi kuliko kuhesabu kokote. Nikapanda naye, nikaingia chumbani bila kugonga, nikasimama kando ya kitanda.

"Mama. Geuka."

Hakugeuka.

"Mama, sijakuletea picha."

Labda alisikia sauti yangu ilivyo. Akageuka. Nikamweka ndege juu ya kifua chake, na ndege akashika kitambaa cha gauni lake, akakwama hapo. Kisha mama, kwa kidole kimoja, akainua manyoya ya tumbo.

Ilikuwepo. Miguu miwili mifupi, mirefu kidogo tu kuliko punje ya mchele, ina manyoya mpaka chini, na vidole vinne vyote vimeelekea mbele, kila kimoja na ukucha wake uliopinda. Vilikuwa vimeng'ang'ania gauni kwa nguvu ambayo huwezi kuitegemea kwa kitu kidogo vile.

"Anayo," mama akasema taratibu.

"Anayo."

"Midogo hivi. Na inashika hivi." Akamtoa kwenye gauni, ukucha baada ya ukucha, akamkalisha kwenye kiganja. Halafu nikauona uso wake unarudi kuwa uso wa mama ninayemfahamu. "Lakini nilisema picha. Nilisema akiwa anaruka."

"Mama!"

"Niliapa hivyo. Kiapo hakibadilishwi kwa sababu mtu kakuangukia."

"Sawa," nikasema, meno yamekutana. "Sawa kabisa. Mlinzi anasema lazima aachiliwe kutoka juu, dirishani. Akiachia mkono tu, miguu itaning'inia kabla hajaikunja. Hapo ndipo picha ilipo. Nikimshika mimi, nani apige?"

Mama akamfunika ndege kwa kiganja cha pili.

"Na nikipiga mimi," nikasema, "nani amshike?"

Tukatazamana. Dirisha la chumba kile liko juu. Mtu aliyelala anaona paa na mbingu tu, na mtu aliyeketi kitandani hafikii kizingiti hata akinyoosha mkono wote. Mama alilitazama dirisha, akatazama miguu yake chini ya shuka, akanitazama mimi.

"Usijifanye mjanja," akasema.

"Sijasema kitu."

"Ndiyo maana." Akaisukuma shuka kando. "Lete ile fremu."

Ile fremu ya kushikilia, tuliyopewa hospitali, kwa miezi miwili kazi yake ilikuwa kuanikia taulo. Nikatupa taulo sakafuni, nikaiburuta mpaka kitandani. Nikakimbia chini kuchukua kamera ya studio na lenzi yake fupi, nikapanda nikihema, nikamkuta ameshateremsha miguu yote miwili ikagusa sakafu. Ndege alikuwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye chuma, na mishipa imemsimama.

Nikaiweka kamera ili nimshike.

"Ishike kamera yako," akasema. "Ukinishika nitakutegemea wewe, halafu tutaanguka wote. Kaa mahali pako."

Alijaribu mara ya kwanza, akarudi kitandani. Mara ya pili akarudi, uso umelowa jasho. Mimi nilikuwa nimesimama na kamera kifuani na sijawahi kuogopa vile maishani mwangu. Mara ya tatu akauma mdomo, akasukuma chuma chini, na mwili wake ukapanda. Ulipanda ukitetemeka, kipande kwa kipande, mpaka nikakumbuka kwamba mama yangu ni mrefu kuliko mimi. Nilikuwa nimesahau.

Kufika dirishani ni hatua tatu. Sitazieleza. Alifika.

Ili nipate miguu ya ndege kwa chini, na mbingu nyuma yake, nililala kifudifudi sakafuni nyuma ya mama, jicho kwenye kamera. Mama akatoa mkono wa kushoto nje ya dirisha, akafungua kiganja. Ndege hakuondoka. Alikaa pale, upepo unampekua manyoya, kama mtu aliyesimama mlangoni anakumbuka kama amezima jiko.

Na mimi, Mungu anisamehe, mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Usitikisike," nikasema. "Moja..."

Ndege akajiinamisha.

"Mbili..."

Akadondoka. Alidondoka kama jiwe, mama akapiga kelele, kisha, kama mama alivyonisimulia baadaye, chini kabisa juu ya barabara mabawa yakafunguka, akageuka, akapanda, akapita mbele ya dirisha letu akipiga ukelele, na kundi zima likamjia.

"Tatu," kidole changu kikasema, kikabonyeza.

Nililala pale sakafuni nikitamani kukigonga nyundo kidole hicho. Wiki mbili za kuzunguka kama kuku aliyepoteza mayai, kiapo, jasho la mama, na bado nilikuwa nimehesabu.

"Umempata?" mama akauliza bila kugeuka. Alikuwa anacheka, nadhani. Sauti ilikuwa ya kucheka.

Nikatazama kioo cha kamera. Nikatazama tena.

"Nimemkosa."

"Ulihesabu."

"Nilihesabu."

"Lete nione."

Nikainuka kumpelekea, na katikati ya chumba nikaona kwamba fremu ya chuma ilikuwa imebaki nyuma yake, hatua nzima, haijashikwa na mtu. Alikuwa ameegemea kizingiti kwa mikono miwili. Nilitaka kumwambia, nikaogopa kumshtua, nikamnyooshea kamera.

Akaipokea kamera. Ndege hakuwepo kwenye picha. Juu kulikuwa na dirisha lenye mbingu tupu, na mkono wa mtu umenyooshwa kuelekea mahali ambapo ndege alikuwa. Chini, karibu na lenzi, kubwa kuliko kitu kingine chochote, kulikuwa na miguu miwili ya mwanamke, visigino vimeinuka kutoka sakafuni, vidole vimeshika sakafu kwa nguvu zote. Miguu ile ilikuwa imebeba mwili. Mwanga wote ulitoka upande mmoja.

Nje walikuwa wanapita na kupita tena, na mama hakuinua macho kuwaangalia.

"Kisigino kimepasuka," akasema hatimaye.

"Nitakisafisha kwenye kompyuta."

"Thubutu." Akanirudishia kamera, akavuta fremu karibu yake, akaishika. Miguu ilikuwa inamtetemeka sana sasa. "Kiache hivyo hivyo kilivyo. Na unisogezee kitu nikalie, nimechoka."

Nikageuka kumtengenezea kitanda, nikaanza kukunja shuka.

"Sijasema kitanda," mama akasema. "Lete ile stuli."